Moshi Utalala Wapi

Somo yangu Bi Pili,

Barua zako zote niliziandika mimi, na zote ulitaka zianze vilevile: mimi mzima, hofu ni kwako. Weye umekaa kwenye kigoda unaparua kambale, mimi nina kalamu, unanitajia maneno ya kwenda kwa mwanao aliyeko Mbwara. Leo nimeandika "mimi mzima" nikakwama. Hofu kwako siwezi kuiandika tena. Imebaki kwangu yote.

Nikupe habari kwanza. Zuhura anatembea. Ulimwacha hajakaa sawasawa, sasa anakimbiza kuku mpaka wanaomba msaada. Samaki anamwita "tamaki". Kifua chake kizima, alhamdulillahi, namsikiliza kila alfajiri, naweka sikio mgongoni kwake kama ulivyokuwa unaniweka mimi mkono siku nilipokuwa mwali wako, ndani siku zote zile, unanifunda mambo ya nyumba na mambo ya watu. Jikoni kwangu nimetoboa dirisha la pili. Mume wangu kauliza, "Dirisha la jiko la nini, tunauza chai?" Nikamwambia la moshi.

Mwanao alikuja kwenye arobaini yako. Alichukua kitanda, sufuria na zile kanga za sandukuni. Kichanja chako cha kubanikia samaki alisema kinanuka, akaniachia. Nabanika pale pale, kwa makumbi ya nazi kama ulivyonifundisha, na siku ya gulio napanda bodaboda naenda kuuza Bungu. Wako ambao hawajapata habari. Mama mmoja alinusa kambale akasema, "Hawa wa Bi Pili hawa, mwenyewe hajambo?" Somo, sikumjibu. Nilimfungia samaki wake akaenda zake. Nisamehe, maana kwa muda ule mdogo ulikuwa mzima.

Lakini mwaka huu mzima, asubuhi za ukungu nakusikia. Nikiwa nawasha moto, upande wa nyumba yako, unakohoa mara tatu, halafu unasema "ya Latifu". Mara tatu, halafu "ya Latifu". Naenda mlangoni. Nyumba imefungwa, na umande kwenye kizingiti haujakanyagwa na mtu.

Najua unachonidai ni neno. Nitalisema humu, ingawa nimeshalisema mbele za watu, na nitakueleza ilivyokuwa. Ila nianze mbali kidogo.

Unakumbuka siku ya kwanza kunipeleka kwenye kichanja? Nilijaza makumbi mabichi, nikatupa moto, moshi ukanifukuza nje macho yamevimba. Ulicheka mpaka kifua kikakubana. Halafu ukaniambia, "Mtoto weye, kila mtu anauliza moshi unakwenda wapi. Miye nauliza utalala wapi." Ukanionyesha. Jua likipanda, ardhi ikapata moto, moshi nao unanyanyuka, unakwenda juu kutawanyika. Jua likishuka, baridi inatambaa kwenye bonde, na moshi unarudi chini kama ng'ombe anayejua zizi lake. Na kuna siku, ulisema, juu panakuwa na mfuniko. Moshi unapanda kidogo, unagonga, unatanda. Siku hiyo usibanike kitu kama ndani kuna mgonjwa wa kifua. Na mgonjwa wa kifua ulikuwa weye mwenyewe.

Kwa elimu yako hiyo, kamati ya msitu wa kijiji ikanichukua. Mimi wa darasa la saba, mtoto mgongoni. Bwana Misitu alitueleza kwamba majani yakichomwa mapema, mvua za masika zikiisha tu, yangali na ubichi chini, moto unakuwa mpole, miti haifi, na moto wa kiangazi wa warina asali na wachoma mkaa unakosa cha kula. Alisema kazi kubwa si moto, ni moshi: usiende barabarani kwenye malori, usiende majumbani. Akauliza nani anaujua moshi. Mzee Shamte, mwenyekiti wetu, akasema, "Huyu. Huyu kafundwa na Bi Pili." Wakanipa mti mrefu wenye kitambaa cheupe wa kutazamia upepo, na filimbi. Mlio mmoja, washeni. Milio miwili, simamisheni. Ulinichekea siku ile. "Wanaume wazima wanamngoja mtoto wangu apulize!"

Sasa ile siku.

Asubuhi nilipita kwako. Ukungu ulikuwa umekawia. Moshi wa jiko lako ulitoka mlangoni, ukapanda mpaka usawa wa ule mnazi mfupi, ukageuka, ukatanda kama shuka iliyoanikwa. Ulikuwa umeegemea mlango. Ukasema, "Mwambie Bwana Misitu leo juu pana mfuniko. Wangoje kesho."

Nami nikakujibu, Somo, nilikujibu hivi: "Upepo upo. Bwana Misitu kanipigia, simu yake imesema upo."

Hukunibishia. Ulisema tu, "Haya." Ile haya yako mpaka leo naisikia.

Gari la Bwana Misitu lilichelewa. Tulikaa ukingoni mwa msitu tangu asubuhi, watu wameacha mashamba, wamekula muhogo ukaisha, wameanza kununa. Likafika saa tisa alasiri. Tukawasha moto wa majaribio, kishada cha majani tu. Upepo wa kusi ulikuwepo kweli, mwembamba. Moshi ukaegemea kaskazini, kusiko na mtu. Kitambaa changu kikaonyesha vizuri. Bwana Misitu akanigeukia, "Mama Zuhura, unasemaje?" Wote wakanitazama. Somo, nilipenda. Sitadanganya kaburi. Nilipenda kutazamwa vile. Nilitazama moshi unakwenda wapi, nikasema, "Upepo mzuri." Nikapuliza mlio mmoja.

Sikuuliza utalala wapi.

Moto ulikwenda salama. Hakuna mti uliokufa. Kabla ya magharibi tukarudi tunaimba, magogo tumeyaacha yanafuka, tukisema yatazimika yenyewe. Kusi ikakata. Baridi ikashuka bondeni, na moshi wa magogo yale ukashuka nayo, ukaja kulala kwenye nyumba za chini. Ya chini kuliko zote ni yako.

Nilipoamka alfajiri sikuiona nyumba yako. Nilikuja kwa kupapasa. Mlango ulikuwa umeuziba kwa kanga, chini umeweka matambara ya maji. Ulikuwa umekaa, mgongo ukutani, mikono kwenye magoti. Ulinitambua. Kusema hukuweza tena. Tulikupakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, mimi nakimbia nyuma. Hukufika zahanati ukiwa hai.

Mganga wa zahanati alisema kifua kilikuwa kimechoka miaka mingi, moshi wa samaki, umri, na kwamba huenda ungeondoka tu. Watu wote walilishika neno hilo. Mimi nililishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyejua kwamba ulituma ujumbe, na tarishi ndiye niliyekuwa mimi.

Msibani mtani wako Saidi, Mmatumbi yule, alifanya kazi yake ya utani. Alijifunga kanga yako, akasimama mlangoni, akakohoa mara tatu, "ya Latifu", kisha akasema, "Wandengereko nyie, mmenibanika kama kambale, basi nigeuzeni na upande wa pili!" Watu walicheka wakilia. Hata mwanao alicheka. Mimi nilitoka nikaenda kujificha nyuma ya choo. Wakasema ni uchungu wa mwali kwa somo yake.

Mwaka ukazunguka. Masika yakapita, majani yakaanza kukauka vichwa, kamati ikaitwa. Mzee Shamte alinirudishia filimbi bila neno, kama anayerudisha ungo. Niliichukua. Ningeikataa angeuliza kwa nini.

Siku iliyopangwa nilianzia kwako. Niliwasha makumbi mawili mbele ya mlango wako uliofungwa, nikakaa. Moshi ukapanda usawa wa mnazi mfupi. Ukageuka. Ukatanda.

Nilicheka peke yangu, Somo, kicheko kibaya. Nikaona umenirudishia siku ile ile, mzima mzima, uone nitafanya nini.

Safari hii Bwana Misitu aliwahi. Watu wamejaa, mapanga, matawi mabichi ya kupigia moto, ndoo. Simu ikasema upepo upo. Na ulikuwepo, mwembamba kama wa mwaka jana. Tukawasha majani kidogo, moshi ukaegemea kaskazini. "Mama Zuhura, unasemaje?"

Nikasema tusiwashe.

Manung'uniko yakaanza. Mmoja akasema kaacha mpunga unaliwa na ndege. Mwingine akasema mwanamke akipewa filimbi atataka na gari. Saidi, kijinga cha moto mkononi, akapaza sauti, "Mwacheni, anamngoja Bi Pili afufuke ampe ruhusa!"

Wakacheka. Nami nikasikia kukohoa. Wapi, sijui. Mara tatu.

Nikasema, "Bi Pili aliitoa ruhusa yake mwaka jana. Alisema tungoje. Aliniambia mimi, mlangoni kwake, juu pana mfuniko, mwambie Bwana Misitu. Sikumwambia. Leo juu ni vile vile."

Mzee Shamte akanisogelea. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mwaka mzima umekaa nalo?"

Zuhura alikuwa mgongoni ananivuta sikio, anataka kushuka.

Nilidhani Saidi atanipiga. Alikipeleka kijinga chini, akakikanyaga, akakikanyaga tena, kimezima na bado anakanyaga. Halafu akasema, hata sauti yake sikuijua, "Haya, tuondokeni. Bi Pili kasema."

Bwana Misitu alinifuata njiani. Alisema mwaka jana yeye ndiye aliyefika alasiri, na alijua moto wa alasiri moshi wake haupati jua la kuubeba, lakini aliona aibu kuwarudisha watu. "Hukuwa peke yako," alisema. Nimelipokea. Lakini weye hukumtuma yeye, ulinituma mimi.

Tulichoma siku ya tatu yake. Ukungu ulikatika mapema. Makumbi yangu mlangoni kwako yalitoa moshi ulioupita mnazi mfupi, ukaupita na mrefu, ukapotea. Kusi ilikuwa inakisukuma kitambaa bila kukipokonya. Umande ulipokauka nikapuliza, saa nne. Moshi ulisimama wima, Somo, mweupe, mpaka juu kabisa, ndipo ukaegemea kwenda zake. Saa saba hakuna aliyewasha tena hata jani. Muda uliobaki wote ulikuwa wa magogo: ndoo, mchanga, maji, gogo moja moja, Saidi akigusa kila moja kwa kiganja akisema, "Huyu kalala. Huyu bado, mleteeni maji." Kabla ya alasiri yote yalikuwa baridi.

Wapo wasionisalimia sasa. Wengine wanasalimia zaidi ya zamani, nayo inauma. Mume wangu aliniambia, "Ungeniambia mimi kwanza." Kweli. Ijumaa hii nakwenda Mbwara. Barua kama hii siwezi kumwandikia mwanao. Nitakaa chini mbele yake nimweleze kwa mdomo wangu, kabla hajazipata habari njiani. Akinifukuza nitaondoka. Akinipa maji nitakunywa.

Nimebakisha moja. Jioni ile tulipochoma, nilikuja kwako na Zuhura. Nilikaa kwenye kizingiti tangu alasiri mpaka magharibi inaadhiniwa, nanusa. Kusi ikakata kama kawaida. Baridi ikaja bondeni, ikatufika miguuni, Zuhura akajikunyata kifuani kwangu. Baridi tupu. Haikubeba kitu. Kilichonukia ni ukuta wako tu, samaki wa zamani.

Nikangoja ukohoe. Wallahi nilitaka. Nilizuia pumzi nisikilize.

Hukukohoa.

Basi pumzika, Somo yangu. Kila mwaka majani yakianza kukauka nitakuja na makumbi mawili, niyawashe hapa mlangoni kwako, na sitampulizia mtu filimbi mpaka nimeuliza swali lako, lile la moshi utalala wapi. Na Zuhura akiwa mkubwa nitamkalisha kwenye kigoda chako nimfundishe aulize mwenyewe.

Mwali wako,
Mama Zuhura