Asali Isimfikie Mtoto wa Upendo

Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naamini barua hii inakukuta mzima hapo Maore, Upareni, na kifua cha baba kimetulia. Sisi huku tunapumua tu. Siku ile kwenye simu niliweza kusema "Nakundwa hatunaye," kisha nikampa mume wangu simu. Leo nakuandikia kwa sababu kuna jambo lazima ulijue, na kwa mdomo siliwezi.

Mjukuu wako Nakundwa alikuwa na miezi mitatu. Alishikwa na kikohozi, mume wangu akakumbuka asali mbichi ya mizinga ya baba mliyotutumia kwa basi. Akawa anamlambisha kwa ncha ya kidole, huku anacheka: "Huyu ni Mpare, anataka cha kwao." Nami nikacheka. Nani kwetu hakulambishwa?

Kwanza choo kikagoma. Kisha ziwa likawa linamponyoka mdomoni. Kilio kikafifia, kope zikalegea, shingo haikuweza tena kubeba kichwa. Hospitali daktari akauliza, "Amepewa asali?"

"Ndiyo, tena ya asili kabisa," mume wangu akajibu, akidhani anasifiwa.

Daktari akaweka kalamu mezani. Akatueleza kwamba asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda, lakini ndani ya mtoto asiyetimiza mwaka huota na kutoa sumu ya kulegeza mwili, mpaka kifua kishindwe kuvuta pumzi. "Hata mngeichemsha," akasema, "moto wa jikoni hauviui." Dawa ya sumu ile haikupatikana. Mashine ilimpumulia kwa siku kadhaa, kisha basi.

Tumemzika huku, mama, kwenye ardhi isiyomjua hata mmoja wetu.

Mume wangu chakula hakipiti. Ananiuliza, "Mama mkwe nitamtazama kwa macho gani?" Namwambia hakujua, hakuna aliyejua. Haimwingii.

Sasa nakuomba. Mdogo wangu Upendo amejifungua, na najua kila atakayekuja kumwona mtoto atataka alambishwe asali. Kataa, mama. Wakikununia, wanune. Hata tone, hata kwa kikohozi, mpaka avuke mwaka mmoja. Baba aendelee na kijiko chake cha asali. Daktari amesema kwa mkubwa hutuliza kikohozi. Ila bibi, kwa kisukari chake, asidanganywe kwamba asali si sukari, wala asiache vidonge vyake. Mimi sina ugomvi na nyuki wa baba. Ni kwamba hakuna aliyetuambia.

Nisalimie baba na bibi, na mchungaji wetu aliyeniombea kwenye simu. Mwambie nilisikia, ingawa sikuweza kuitikia amina. Mwambie Upendo nimemfurahia, hata kama sauti yangu haikuonyesha.

Maziwa bado yananitoka, mama. Kila asubuhi nayakamua, nayamwaga.

Mwanao,
Naomi