Dawa Isimwagwe Bwawani

Mjukuu wangu Akiru,

Una wazimu, au ile mashine ya kupiga chapa imekula akili yako? Karani wa chifu, huyu anayeniandikia, ametusomea barua ya ofisi yenu ya Lodwar. Ati Ijumaa eropleni inakuja kumwaga dawa ya kuua ndege kwelea kwenye matete ya bwawa letu hapa Kakuma. Na barua imepigwa chapa na nani? Wewe, niliyekubeba mgongoni!

Najua utaniambia mimi bibi yako, "Ata, si nyinyi mliomba?" Ndiyo, tuliomba. Kidole gumba changu ndicho cha kwanza kwenye ile karatasi ya maombi. Kwelea walitumalizia mtama, tukakasirika. Lakini sisi tulisema shambani. Hatukufikiri kwamba dawa huwafuata mpaka wanapolala.

Umesahau mwaka ule bwawa lilipojaa mara ya kwanza? Tuliamia ndege shambani mimi na wewe juu ya ulingo, ukirusha matope kwa fimbo mpaka sauti ikakukauka. Mavuno yalipokwisha ukanivuta: "Ata, twende tuone wanakokwenda." Nilibeba rungu. Nia yangu ilikuwa kuwapiga.

Tukafika jua likichomoza. Akiru! Mimi maji niliyajua ya kuchimba mchangani tu. Pale kulikuwa na yangeyange weupe kuliko maziwa. Korongo walisimama kwa mguu mmoja kama wachungaji wetu walioegemea fimbo. Kulikuwa na mwari, mdomo kama mfuko, na videge vidogo vya rangi ambazo hata shanga zangu hazina.

"Wale wenye miguu myekundu wanatoka ng'ambo," ukaniambia. "Mwalimu alisema kwao kukiingia baridi wanakuja kwetu."

"Waje Turkana? Kwa hiari yao?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kicheko chako kikawashtua, wakaruka wote pamoja, jua likafifia, upepo wa mabawa ukanipiga usoni. Nikakaa na mimi. Ukanitazama, ukasema, "Leo Ata amekosa neno!"

Rungu nikalitupa. Mpaka leo naenda kila asubuhi, na magoti haya, na bado sijawazoea. Wanaokula mtama wetu ni wale wadogo tu. Dawa itawachagua vipi? Na mbuzi watakunywa wapi?

Nimewaambia wanawake turudi kuamia wenyewe. Wakanirukia: "Wewe mzee, si wewe uliyetangulia kuweka kidole?" Ndiyo, ni mimi. Basi ni mimi nitakayetangulia kupanda ulingo. Wamekubali, huku wakinung'unika.

Sasa usikae hapo kusoma mara ya pili. Salimia wenzako, kisha ingia kwa mkubwa wako leo hii, umsomee barua hii yote, hata mahali nilipokutukana. Mwambie wenye mtama wamekataa dawa. Piga chapa barua ya kuizuia eropleni, na usitoke mlangoni kwake mpaka atie sahihi.

Ni mimi Ata, mama wa mama yako.