Kompyuta Niliyoifunika Blanketi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua chumba cha kompyuta saa moja na robo, nimepiga deki, nimepanga viatu vya watu mlangoni. Ufunguo bado ninao mimi. Kidato cha tatu tuko hamsini na sita, na Mwalimu Gwakisa kanichagua mimi. Labda kwa sababu sisemi sana.

Kompyuta zinazowaka ni tatu. Ya dirishani ndiyo pekee inayosoma sidii, na sidii ya Biolojia ndiyo yenye moyo. Leo tumeuona tena ukipiga. Damu ya bluu inaingia huku, nyekundu inatokea kule. Tunakaa wanne wanne kwenye benchi. Subilaga alishika mausi. Akageuka, akasema, "Atu, huu unaenda polepole. Wako ukiitwa ubaoni unakimbia mara mbili yake." Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka baadaye, nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu alituonya juzi: adui wa kompyuta ni vumbi na unyevu. Unyevu! Hapa Tukuyu hata chumvi inalowa ndani ya kopo. Nilimweleza Bibi, akanitolea blanketi lake la zamani. "Kompyuta nayo imetoka mbali," alisema, "haijazoea baridi ya hapa."

Subilaga ndiye aliyetoka wa mwisho leo. Jina lake liko kwenye daftari la wanaotumia kompyuta. Kioo cha kompyuta ya dirishani kilikuwa cheusi. Nikaifunika yote, kioo na boksi lake, nikachomekea pembe zote kama mtu anayelaza mtoto. Nikafunga mlango. Nilikuwa na furaha njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Harufu ya plastiki iliyoungua. Niliisikia kabla sijafungua mlango vizuri.

Blanketi lilikuwa la moto. Boksi lilikuwa la moto zaidi. Kompyuta haikuwa imezimwa. Kioo kilikuwa kimelala tu. Kikiachwa muda hujizima chenyewe, lakini boksi huendelea kufanya kazi. Nilijua. Nimelisoma hilo kwenye kitabu cha maelekezo, mara mbili. Sikuangalia taa ya kijani. Nimeiziba pumzi tangu Ijumaa.

Nikakunja blanketi, nikalificha kwenye begi. Ya Ijumaa ilikuwa bahati mbaya. Hii ya leo nimeifanya kwa akili zangu.

Mwalimu alibonyeza kitufe cha kuwashia mara nne. Kimya. Akafungua daftari. Subilaga anajulikana kwa kucheza karata za kwenye kompyuta. Alikiri mwenyewe kwamba alisahau kuizima. Alilia. Lakini kusahau kuizima hakuiui. Mwezi uliopita iliachwa hivyo wikiendi nzima na haikupata kitu.

Mkuu wa shule kamrudisha Subilaga kwao, kijijini Matwebe, hadi aje na baba yake. Na kompyuta asiguse tena mpaka amalize shule.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Blanketi lilikuwa begini mwangu. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 12 Machi

Moyo sasa ni wa chaki. Mwalimu amechora mishale, tumenakili mishale. Haupigi. Lusajo, yule wa dawati la nyuma, akasema, "Subilaga katuulia moyo." Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Tumefanya jaribio la Fizikia. Alama zinaingia kwenye za muhula. Subilaga ana sifuri. Baba yake yuko kiwanda cha chai, anasema hapati ruhusa mpaka Jumatatu.

Swali la tatu nimelikosa. Nilikuwa naangalia nafasi yake kwenye dawati.

Alhamisi, 13 Machi

Bibi kaniuliza wakati tunamenya ndizi, "Kile kifaa chenu kinalala vizuri?"

Nikasema kinalala vizuri. Akasema "Ndaga," akanishukuru, kana kwamba ni mimi niliyempa yeye kitu.

Sikula.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda mlango wa ofisi ya walimu mara tatu. Mara mbili nikarudi darasani. Mara ya tatu Mwalimu wa Hesabu akaniuliza, "Wewe binti, umetumwa na nani?" Nikakimbia.

Saa tisa nikakaa kwenye kompyuta iliyo karibu na mlango, nikachapa: Ijumaa ile niliifunika blanketi wakati inawaka. Jumatatu nikalificha. Subilaga hakuiua. Ni mimi, Atupele.

Nikamwita Mwalimu kwa mkono. Akasoma akiwa amesimama, halafu akavuta benchi, akakaa.

"Mimi niliwaambia habari za unyevu," alisema. "Za joto sikuwaambia. Hilo la kwangu. Lakini hili la Subilaga halichapwi. Utalisema Jumatatu paredi, kwa mdomo wako, baba yake akiwepo."

Akaomba ufunguo. Nikampa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesema. Mara ya kwanza hakuna aliyesikia. "Sauti!" wakapiga kelele nyuma. Ikabidi niseme yote upya, na blanketi tena. Lusajo akauliza, "Na uji hukuipa?" Shule nzima ikaangua kicheko.

Baba yake Subilaga alikuwa pembeni ya mlingoti, kofia mkononi. Aliniangalia tu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Mkuu kamrudisha Subilaga darasani na kwenye kompyuta. Mimi nafyeka nyasi wiki mbili. Ni sawa. Lakini mwalimu wa Fizikia kasema jaribio halirudiwi.

Nilimfuata Subilaga koridoni. Alisema, "Ungesema Jumatatu ile, Atu. Ile ile." Akaondoka.

Ni kweli. 

Nimemwambia na Bibi. Aliendelea kumenya ndizi. Mwisho akasema nimletee blanketi alifue.

Jumatano, 19 Machi

Kipindi cha kompyuta. Zimebaki mbili, kwa hiyo tunasubiri zaidi. Nimepanga foleni nje kama wengine, viatu mkononi.

Zamu yetu ilipofika benchi lilikuwa na watatu. Subilaga mwishoni, kashika mausi. Nilisimama nyuma yao. Walikuwa wanatengeneza jedwali la mvua za mwezi huu, na safu moja imekosewa. 

Hakugeuka. Kipindi kilikwenda hivyo, karibu nusu.

Halafu akasogea kidogo. Nikakaa.