Nimemwambia Rafiki Yangu Atangulize Asidi

Mpendwa Mama Rispah, naomba msaada wako upesi kwa maana nina wivu na wivu huu utamuumiza mtu. Mimi ni msichana wa Tongaren, nasomea ufundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kitale, na chumbani nakaa na Nyaruai ambaye wazazi wake wana shamba huku Trans-Nzoia, na mama, huyu msichana alipokuja alikuwa anafyonza pipeti kwa mdomo mpaka nikampokonya nikampa ile ya mpira ya kufyonzea, ni mimi nilimfundisha kuinama jicho lilingane na maji ya bureti, ule mrija wenye vipimo, asome pale chini yalipobonyea, ni mimi nilimwambia ukiongeza maji kemikali iliyomo inabaki ileile, kwa hivyo zidisha nguvu ya kwanza kwa ujazo wake, halafu gawanya kwa ile nguvu nyingine.

Sasa yeye ndiye anaitwa mbele. Juzi mwalimu Hiram aliuliza, tukitaka nusu lita ya asidi ya salfuriki yenye nguvu ya 0.9 molari kutoka ile kali ya 18 tutachukua kiasi gani, na mimi bado natafuta kalamu Nyaruai akasema, "Mililita ishirini na tano." Mwalimu akasema, "Huyu ana mikono, na kichwa pia." Hiyo mikono si ni mimi nilimpa? Akifanya jaribio rangi yake inageuka pinki hafifu na anafunga bureti hapo hapo, yangu inapita inakuwa kama juisi, na kuna nafasi moja tu ya mafunzo katika hospitali huko Bungoma, karibu na mama yangu anayeugua sukari, na kila mtu anasema ni ya Nyaruai, ambaye hana mtu Bungoma.

Halafu akashikwa na malaria, akakosa somo la kuzimua asidi kwa maji. Nilikuwa nafua nguo akaja akaniuliza, "Phelista, kwa mtihani natanguliza nini, maji ama asidi?" Najua vizuri jibu. Nikamwambia, "Tanguliza asidi bana, halafu umwagie maji." Akasema asante, akanisaidia kukamua shuka.

Mtihani ni wiki ijayo. Nataka ashindwe lakini sitaki aungue, na nikimwambia ukweli atajua mimi ni mtu wa aina gani. Nifanye nini? Nimeandika namba ya simu ya kibanda kilicho karibu na hosteli.

Phelista, Kitale

Phelista, binti yangu, hii si barua ya kungoja gazeti. Nilipoisoma nilipiga simu kibandani, ukaitwa, nikakuuliza kama unajua kinachotokea maji yakimwagwa juu ya asidi kali. Ukasema, "Yanachemka ghafla, asidi inamrukia usoni." Nikakwambia nenda sasa hivi, nitashika laini.

Ulirudi kwenye simu ukilia, ukanisimulia. Ulimkuta Nyaruai anamenya viazi, ukamwambia, "Nilikudanganya. Maji kwanza, asidi baadaye, kidogo kidogo ukikoroga. Nilikuonea wivu." Akaweka kisu chini akauliza, "Ungesimama pale uniangalie nikiungua macho?" Usiku huo alihamia chumba kingine, uliniambia uliponipigia kesho yake.

Nakuhurumia kwa ajili ya mama yako. Kutaka kuwa karibu na mama mgonjwa si dhambi, na kuona uliyemfundisha akikupita kunauma. Lakini ulimfundisha ili ajue, au ili aendelee kukuhitaji? Jiulize hilo. Na usiseme "sitaki aungue" kana kwamba hilo linakutakasa. Ulijua, ukasema, ukaendelea kufua.

Sasa nisikilize. Nenda kwa mwalimu Hiram umweleze mwenyewe, hata kama atakuadhibu, kwa sababu maabara haiwezi kuwa na mtu ambaye neno lake haliaminiki. Nafasi ya Bungoma, mwambie kuhusu ugonjwa wa mama, kisha unyamaze, asiyekupa hajakunyang'anya. Rangi yako inapita kwa sababu unafungulia bureti huku unaangalia meza ya mwenzako. Angalia chupa yako.

Nyaruai usimwandame kwa msamaha. Msalimie asubuhi. Asipoitikia, msalimie kesho yake pia, kisha uende kazini kwako.

Mama Rispah