Mwali Hakukataa Dawa

Temeke, 9 Machi 1953

Mwanangu Marijani,

Salamu nyingi, na natumai u mzima huko Kinondoni. Sie hatujambo, ila dada yako Zuena, na ndiye sababu ya barua hii. Damu imempungua, macho meupe, akiinuka anashika ukuta. Vidonge vya safura alivyopewa zahanati mwaka jana vilimrudisha kabisa. Juzi nimekwenda kumchukulia vingine, nikaambiwa wasichana wa Temeke hawapewi tena, ofisi ya afya imefuta. Wewe ndiye karani wa takwimu humo. Niulizie, baba, ni nani huyo asiye na haya.

Shangazi yako

Kinondoni, 20 Machi 1953

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mie mzima, namshukuru Mungu. Habari ya Zuena imenisikitisha.

Aliyeandika ile taarifa ni mimi. Kazi yangu ni kulinganisha vijana waliopewa dawa na waliorudi kupimwa damu, tuone kama mpango unafaa. Wavulana walirudi karibu wote. Wasichana wengi hawakuonekana tena. Kanuni ya ofisi ni kuwa asiyerudi ahesabiwe amekataa, na Bwana Mkubwa akaamua dawa wasipewe wasioitaka. Mimi nilijumlisha tu. Usinikasirikie.

Mwanao Marijani

Temeke, 24 Machi 1953

Marijani,

Shikamoo yako nimeipokea. Hali yetu unaijua, sirudii.

Nimekasirika, tena sana. Wasichana hao, Zuena akiwamo, walivunja ungo wakawekwa ndani. Mwali hatoki mpaka siku yake ya kutolewa, sembuse kupanga foleni zahanati mbele ya wanaume. Mzungu wako simlaumu, hayajui haya. Wewe umekulia nyumba hii. Dada zako walipokuwa ndani ulikuwa ukikohoa mlangoni kabla ya kupita, wapate kujificha. Ulijua, ukanyamaza!

Hakuna aliyekataa. Mimi ndiye kungwi wao, na walimeza mpaka kidonge cha mwisho nikiwasimamia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini mimi sikukulea hivi. Mwambie mkubwa wako amtume Adelina, yule nesi wa ofisini kwenu, awapime majumbani.

Shangazi yako

Kinondoni, 11 Aprili 1953

Shangazi,

Shikamoo, na poleni na uuguzi.

Kusema kweli, sijamwambia. Nikimwambia leo ataniuliza kwa nini nilinyamaza nilipokuwa naandika. Nimependekezwa kupandishwa cheo mwezi Juni, na karani Mwafrika akikosea mara moja hapewi mara ya pili. Baada ya Juni nitasema. Mvumilie Zuena.

Mwanao Marijani

Temeke, 14 Aprili 1953

Marijani,

Hatujambo hatuna.

Hiyo Juni yako Zuena haifikii. Jumatatu namtoa nje mchana, kabla ya siku yake, nimfunike kaniki nimpeleke mpaka mlangoni kwa mkubwa wako. Nataka kaka yake atangulie mbele, aseme kwa Kiingereza anayoyajua. Tutakungoja nje ya ofisi.

Shangazi yako

Temeke, 2 Mei 1953

Marijani,

Tulikungoja mpaka adhuhuri. Niliuona mkono wako ukifunga dirisha.

Zuena alianguka pale pale barabarani, kaniki ikamvuka, akaonwa na kila mpita njia. Wengine walicheka. Adelina ndiye aliyetoka akatuingiza, akamweleza mkubwa wako yale uliyokuwa ukiyajua wewe. Mzungu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mbona karani wake hakumwambia, naye anatoka pwani hii hii. Adelina akanitazama. Nikamwambia ajibu kuwa labda karani hakujua. Sikutaka kukumwagia unga wako.

Vidonge Zuena amepata, na wenziwe wote watapimwa majumbani. Anaanza kusimama bila ukuta. Ila ngoma yake haitachezwa, kwani mwali aliyekwisha kuonwa hatolewi tena. Amelia siku nzima.

Cheo chako nakutakia heri. Nyumbani kwangu usije.

Mwanabaraka binti Nassibu