Doa la Unyayoni

Kijijini Akheri

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi tupo, ng'ombe amezaa, ila upepo umeangusha ndizi nyingi.

Umeniuliza kama enzi zetu tuliijua hiyo saratani ya ngozi mnayofundishwa huko chuoni. Jina hatukuwa nalo. Dada yangu Ndeshi alitokwa na doa jeusi unyayoni. Tulichuma kahawa peku, kwa hiyo kila mtu akasema ni mwiba. Mimi ndiye niliyekuwa na macho makali, nikapewa pini. Nilichokonoa siku tatu bila kuona kitu. Nikaona aibu kusema, nikawaambia nimeutoa.

Doa likakua. Tulipompeleka hospitali, daktari alisema ni kidonda cha kutembea peku. Wakati ule hata madaktari wengi waliamini saratani hiyo ni ya wazungu wanaoungua na jua. Ndeshi akanunuliwa viatu. Hakuvivaa muda mrefu.

Sasa unaniandikia kwamba sisi weusi saratani hiyo hutupata hata nyayoni, mahali ambapo jua halifiki. Tangu nisome hayo, nimeogopa kuvua soksi.

Jana mchana nilimwomba mama yako aniangalie miguu. Aliinua wa kulia, akacheka nyufa zangu. Aliinua wa kushoto, akausogeza karibu na macho yake. Kisha akasema, "Ni mwiba tu, Mama. Nitautoa."

Nikamuuliza, "Umeuona?"

Akachukua pini. Nikamwambia aweke pini chini, Jumatatu twende hospitali.

Nawe leo, kabla hujalala, tazama nyayo zako.

Bibi yako