Shangazi Amezifua Noti Zako

Baba,

Hata sijui nianze kukulilia au kukugombeza. Shangazi Sekela amezifua noti zako. Umesikia? Amezifua! Kwa sabuni ya unga, kwenye beseni, kisha akazianika kambani pamoja na makoti yako, kila moja na kibanio chake. Zilipokauka akazipiga pasi.

Si unajua kwetu nguo za marehemu hufuliwa kabla ya kugawiwa. Sasa dada yako akaona na noti za mkoloni ulizokusanya ni hivyo hivyo. "Vitu vya marehemu havigawiwi na uchafu wake, mwanangu," ananiambia, tena kwa raha zake! Mimi nilikuwa nimeenda stendi Mbeya kumpokea yule mnunuzi wa noti za kale kutoka Iringa uliyekuwa unamfukuza kila akija. Kaka Ambakisye ndiye aliyemwita. Alitaka ziuzwe tugawane, mimi nikakataa, tukabishana matanga yote mpaka sauti ikanikauka, akanishinda.

Na wewe una makosa, Baba. Ungemwambia dada yako walau mara moja! Ni mimi peke yangu uliyenikalisha dirishani hapa Mbalizi, unainua noti kwenye mwanga, unanionyesha alama ya mkunjo. "Chakavu ina heshima yake. Iliyofuliwa imekufa." Nikishika katikati, kofi mkononi. "Pembeni, shika pembeni!" Wengine uliwaacha wadhani unatunza makaratasi.

Basi mnunuzi akashika moja, pembeni kama wewe, akaiinua dirishani. Akainusa. Akairudisha mezani polepole, akaomba chai. Alipoondoka bila kununua hata moja, kaka akafoka: "Mpeni huyo anayezililia!" Ndivyo nilivyozipata. Zote, Baba, hata ile ya shilingi kumi uliyokuwa unaificha wageni wakija.

Zimelegea, zimepauka, zinanuka sabuni. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, na tangu tukuzike nilikuwa sijalia. Nimekukasirikia mno. Ungekuwa hapa ungefoka mpaka majirani waje, na mimi ningekaa nikusikilize.

Shangazi sijamwambia kitu. Anadhani mnunuzi hakuwa na hela. Jana alikuja kuniuliza kama zimebaki nyingine chafu.

Ndaga, asante, Baba. Pumzika. Mkebe wako wa noti nimeuficha juu ya kabati, mbali na beseni, na kila Jumapili nitazitoa dirishani moja moja. Nitashika pembeni.

Binti yako,
Tusekile